Kuunganisha monita za studio na kompyuta ya nyumbani: mwongozo kamili kwa wenye studio za chumbani Kigoma

Monita nyingi za studio, yaani spika za kusikilizia kazi unayorekodi au kuchanganya, huja na waya mmoja tu ndani ya boksi: wa umeme. Waya wa kuleta sauti kutoka kwenye kompyuta unajitafutia mwenyewe, na hapo ndipo mambo huharibikia. Mtu ameagiza jozi ya monita Kariakoo, zimesafiri kwa basi mpaka Kigoma, anafungua boksi pale Mwanga au Ujiji, anachukua waya wowote uliobaki kwenye deki ya zamani, anachomeka. Sauti inatoka nyembamba, tena inavuma. Anahitimisha kuwa ameuziwa feki, wakati mara nyingi monita zenyewe hazina kosa lolote.

Mwongozo huu ni wa mwenye kompyuta ya kawaida nyumbani, awe anatengeneza biti, anarekodi kwaya, anahariri qaswida au vipindi vya redio. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: pesa ya kwanza iende kwenye waya sahihi, ya pili kwenye umeme wa chumba, intafesi ya nje (kiboksi cha kuingizia na kutolea sauti kinachochomekwa kwenye kompyuta) ije baada ya hapo. Wengi hufanya kinyume. Wananunua intafesi nzuri, kisha wanaiunganisha kwa waya wa buku mbili kwenye ekstensheni isiyo na ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini.

Geuza monita, soma mgongoni

Kabla ya kuchomeka chochote, tazama nyuma ya monita. Ukikuta tundu la waya wa umeme, hiyo ina amplifaya yake ndani, na karibu zote zinazouzwa sasa kwa studio ndogo ziko hivyo: Yamaha HS5, KRK Rokit 5, JBL 305P na wenzake. Ukikuta vibano viwili tu, chekundu na cheusi, hiyo inataka amplifaya ya nje, kama ilivyokuwa Yamaha NS-10 iliyotoka mwaka 1978 na ambayo hadi leo utaiona kwenye picha za studio kubwa, ile yenye koni nyeupe.

Ukichomeka kadi ya sauti, ile sehemu ya kompyuta inayotoa sauti, moja kwa moja kwenye spika isiyo na amplifaya hupati sauti ya maana, maana kadi haina nguvu ya kusukuma koni. Kinyume chake ndicho cha hatari: usichukue waya wa spika unaotoka kwenye amplifaya ya sabufa ya sebuleni ukauingiza kwenye monita yenye amplifaya yake. Saketi ya kupokelea sauti inaweza kuungua hapohapo.

Ziko pia jozi ndogo, mfano PreSonus Eris E3.5, ambazo amplifaya ya spika zote mbili imewekwa ndani ya moja. Hapo waya za kompyuta huingia kwenye ile yenye umeme, na ya pili huunganishwa nayo kwa waya mwembamba wa spika. Wapo wanaoitafuta swichi ya umeme kwenye spika ya pili wakidhani imesahaulika kiwandani.

Ukiwa hapo nyuma soma na kibandiko cha umeme. Umeme wetu ni volti 230, Hz 50. Monita iliyoandikwa 100–240 inakubali popote. Yenye swichi ya 115 na 230 iweke 230 kabla ya kuchomeka. Iliyoandikwa 120 peke yake, hasa zile mtu anazoletewa mkononi kutoka Marekani, isiguse soketi ya hapa bila transfoma ya kushusha umeme. Hiyo dakika moja ya kusoma ni rahisi kuliko kutafuta fundi wa kubadilisha saketi ya umeme.

Halafu tazama matundu ya kuingizia sauti. Utakutana na XLR, lile la miguu mitatu kama la maiki; la jeki kubwa ya milimita 6.35, na mara nyingine RCA, zile nyekundu na nyeupe tunazozijua kwenye deki na ving'amuzi. HS5 ina XLR na jeki kubwa tu, haina RCA. Andika kwenye karatasi ulichokiona, kwa sababu ndicho kitakachoamua waya wa kununua.

Upande wa kompyuta

Kompyuta ya mezani huwa na matundu madogo ya milimita 3.5 yenye rangi. La kijani ndilo la kutolea sauti. La waridi ni la maiki, la bluu ni la kuingizia. Tumia la kijani la nyuma, lililo kwenye ubao wa kompyuta wenyewe, usitumie lile la mbele. La mbele limeunganishwa kwa waya unaokatiza ndani ya kasha karibu na feni na diski, na huko hukusanya kelele. Jaribu siku moja: weka monita juu kidogo, usipige muziki, kisha sogeza mausi. Ukisikia "zzziii" inayofuata mkono wako, ndiyo hiyo.

Laptopu nyingi zina tundu moja la hedifoni na maiki kwa pamoja. Linafaa. Pini ya kawaida ya hedifoni yenye mistari miwili myeusi inaingia humo bila shida.

Jambo moja la kiufundi linasaidia kuelewa mengine. Vifaa vya studio vimepangwa kupokea kiwango kinachoandikwa +4 dBu, sawa na volti 1.23 hivi. Vifaa vya nyumbani hutoa −10 dBV, yaani volti 0.316. Tofauti yake inakaribia dB 12. Ndiyo maana monita ileile huonekana imelala ukiichomeka kwenye kompyuta na kuamka ukiichomeka kwenye miksa. Monita kama JBL 305P ina swichi nyuma ya kuchagua kati ya viwango hivyo viwili. Ukitumia kadi ya ndani ya kompyuta, iweke −10. Isiyo na swichi utaiongezea voliumu tu.

Waya ndiyo habari yenyewe

Shika pini ya waya wako uhesabu mistari myeusi. Mstari mmoja maana yake pini ni ya mono: ina ncha na shina. Mistari miwili maana yake ina sehemu tatu: ncha, pete na shina. Tatizo ni kwamba pini ya mistari miwili ina kazi mbili tofauti kabisa, na ukiitazama kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Kwenye hedifoni, ncha hubeba sauti ya kushoto, pete hubeba ya kulia, shina ni la wote wawili. Kwenye monita, pini hiyohiyo ni ya balansi: ncha hubeba sauti, na pete hubeba sauti ileile iliyogeuzwa juu chini. Monita inachukua cha kwenye ncha, inatoa cha kwenye pete, na kinachobaki ndicho inachopiga. Kelele iliyoingia njiani huwa imeingia sawa kwenye nyaya zote mbili, kwa hiyo kwenye kutoa inajifuta yenyewe. Ni ubunifu mzuri sana, na ndio unaowezesha waya wa maiki kutembea ukumbi mzima bila kuvuma.

Sasa fikiria mtu amenunua waya wenye pini ya hedifoni upande mmoja na jeki kubwa ya mistari miwili upande wa pili. Umeingia vizuri kote, umekaza, hauchezi. Monita inapokea kushoto kwenye ncha na kulia kwenye pete, na inatoa kulia kutoka kushoto. Chochote kilicho sawa pande zote mbili kinapotea. Katikati ya wimbo ndiko anakokaa mwimbaji, kiki (ngoma ya chini) na besi. Ndipo simu zinapoanza: "Kaka, biti ipo, mwitikio nausikia kwa mbali, lakini mwimbaji hayupo!" Ukisikia malalamiko ya namna hiyo usiulize aina ya monita. Uliza waya una mistari mingapi.

Waya sahihi kwa kadi ya ndani ya kompyuta ni huu: upande mmoja pini moja ndogo ya 3.5 yenye mistari miwili, upande wa pili jeki kubwa mbili za mono zenye mstari mmoja mmoja. Moja inaingia monita ya kushoto, nyingine ya kulia. Kama monita zako zina RCA, chukua wa pini ndogo kwenda RCA mbili. Nyekundu ni kulia, nyeupe ni kushoto. Pini ya mono ikiingia kwenye tundu la balansi, shina lake linagusana na pete na kuipeleka ardhini, na monita inafanya kazi kama kawaida. Hakuna kinachoungua.

Urefu usizidi mita tatu kama unaweza. Waya usio wa balansi ukiwa mrefu unageuka antena. Na pini nene za chuma zinazoweza kufunguliwa ni bora kuliko zile za plastiki iliyoyeyushwa pamoja na waya, kwa sababu ukikatika utauchomelea upya badala ya kuutupa.

Kigoma mjini waya wa pini ndogo kwenda jeki kubwa mbili haupo kila duka. Usikubali kupewa "huu pia unaingia". Bora ununue vipande fundi redio akuchomelee, na hapo unaweza kumwomba akutengenezee kilicho bora kuliko cha dukani. Nunua waya wa maiki, wenye nyuzi mbili ndani na wavu wa shaba kuzunguka, pamoja na jeki kubwa mbili za mistari miwili na pini ndogo moja ya stereo. Mwelekeze hivi. Upande wa monita: uzi wa kwanza uende kwenye ncha, wa pili kwenye pete, wavu kwenye shina. Upande wa kompyuta: uzi wa kwanza wa waya wa kushoto uende kwenye ncha ya pini ndogo, uzi wa kwanza wa waya wa kulia uende kwenye pete, nyuzi za pili za waya zote mbili pamoja na wavu zote zikutane kwenye shina. Kwa mpango huo mkondo wa kelele ya ethi unapita kwenye wavu, na monita inalinganisha nyuzi mbili zilizo ndani kama kawaida yake ya balansi. Mvumo unapungua sana bila kununua kifaa kingine.

Mwambie fundi ashike rangi moja kwa uzi wa kwanza kwenye waya zote mbili. Akichanganya ncha na pete kwenye waya mmoja tu, spika moja itakuwa inasukuma koni mbele wakati mwenzake anavuta nyuma. Utaijua: besi inanyauka, na sauti haina mahali inapotokea, inakuzunguka kichwa. Geuza kichwa, bado hujui mwimbaji yuko wapi.

Tahadhari moja tena kuhusu vigawanyio. Kugawa tundu moja kwenda spika mbili ni sawa. Kuunganisha matundu mawili ya kutolea sauti yaingie spika moja kwa kigawanyio kilekile si sawa, kwa sababu kila tundu linamsukuma mwenzake. Ukitaka mono, ifanye ndani ya programu.

Kuchomeka kwa mpangilio

Zima kila kitu. Shusha voliumu ya monita zote mbili mpaka mwisho. Chomeka waya wa sauti kwenye monita, kisha kwenye kompyuta. Ukaze mpaka usikie "tak". Pini iliyoingia nusu hutoa upande mmoja au sauti iliyofifia, na watu wamewahi kuformati kompyuta kwa sababu hiyo.

Chomeka umeme wa monita na wa kompyuta kwenye ekstensheni moja. Moja, si mbili kutoka kuta mbili. Sababu naieleza chini kidogo.

Washa kompyuta, subiri itulie. Kama una intafesi, iwake nayo. Monita ziwake mwisho kabisa. Kuzima ni kinyume: monita kwanza, kompyuta baadaye. Kompyuta na intafesi zikiwaka au kuzimika hurusha mshtuko wa umeme kwenye waya wa sauti, na ule "pwaa!" unaousikia ni tuita, kispika kidogo cha sauti za juu, inapigwa ngumi.

Piga wimbo unaoujua, pandisha monita ya kushoto peke yake polepole, uishushe, kisha ya kulia. Zote zikipiga, ziweke alama moja. Halafu kwenye programu yako peleka sauti kushoto kabisa uone kama kweli inatoka mkono wa kushoto. Pande zilizobadilishana hazionekani mpaka siku video inapowekwa na gari linapita upande tofauti na mlio wake.

Mvumo: kuutafuta na kuuondoa

Hapa ndipo muda mwingi wa watu huishia, kwa hiyo twende taratibu.

Mvumo mzito wa "mmmm" ni wa Hz 50, umeme wenyewe. Wa "bzzz" wenye ukali kidogo mara nyingi una Hz 100 na ndugu zake. Chanzo cha kawaida ni mzunguko wa ethi: kompyuta imefika ardhini kupitia chaji yake, monita imefika ardhini kupitia waya wake wa umeme, na wavu wa waya wa sauti umeziunganisha tena zenyewe kwa zenyewe. Mkondo mdogo unazunguka humo, na amplifaya inaukuza. Ukichomeka vyote kwenye ekstensheni moja, mzunguko unakuwa mdogo na mkondo unapungua. Ndiyo sababu ya ile ekstensheni moja.

Kama bado unavuma, fanya uchunguzi kwa kuondoa kitu kimoja kimoja. Chomoa waya wa sauti mgongoni mwa monita. Mvumo ukibaki, tatizo ni la monita au umeme wake, na kompyuta haihusiki. Ukiondoka, rudisha waya na chomoa chaji ya laptopu ibaki kwenye betri. Ukikatika hapo, umepata mzunguko. Haukukatika? Tazama nini kingine kimeshikana na kompyuta. Mara nyingi ni waya wa HDMI uendao kwenye televisheni, ambayo nayo imeshikana na king'amuzi, ambacho kimeshikana na dishi lililosimikwa juu ya paa la bati. Chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi usikilize. Nyumba za Gungu na Katubuka zimejaa mvumo wa namna hii, na hakuna anayemshuku dishi.

Ule mlio wa "tit-tit-tit-tiririri" ni simu. Iweke mbali na waya.

Ukishajua chanzo, tiba ziko kadhaa. Waya niliouelekeza juu hutosha mara nyingi. Usipotosheleza, kuna kiboksi kidogo chenye transfoma ndani kinachokaa katikati ya waya wa sauti na kukata njia ya ethi huku sauti ikipita kwa sumaku. Wanaofunga redio za magari wanakijua. Vya bei ndogo hupunguza besi ya chini kabisa, kwa hiyo kama unatengeneza singeli kitakukera. Intafesi ya nje yenye matundu ya balansi ndiyo tiba safi zaidi.

Kuna tiba moja inayofanywa mitaani ambayo hutakiwi kuigusa: kukata au kupinda pini ya ethi ya plagi. Ni kweli mvumo hunyamaza. Ni kweli pia kwamba siku waya wa ndani ukigusa kasha, umeme hautakuwa na pa kwenda isipokuwa kupitia kwako ukiwa umeshika maiki ya chuma.

Hata hivyo, ukichunguza utakuta nyumba nyingi hazina ethi ya kweli. Soketi ina matundu matatu lakini nyuma yake waya wa kijani na njano hauendi popote. Ekstensheni za bei ndogo nazo. Fungua moja uone, utakuta nyuzi mbili tu ndani ya waya wenye plagi ya miguu mitatu. Dalili rahisi ni kule kuwashwa vidole unapopitisha mkono juu ya kasha la laptopu ikiwa kwenye chaji. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime ethi ya nyumba na, ikibidi, asimike fimbo mpya ya shaba. Kazi hiyo inailinda familia nzima, studio inafaidika tu kama mgeni mwalikwa.

Kwa wanaotumia sola: inveta yenye wimbi la kukatwakatwa hutoa "bzzz" ndani ya monita ambayo hakuna waya utakaoiponya. Tafuta inveta ya wimbi safi.

Ndani ya kompyuta

Kwenye Windows bofya kulia alama ya spika kwenye kona, ingia mipangilio ya sauti, uchague kadi unayoitumia kuwa ya kutolea. Zima maboresho yote ya sauti: ya kuongeza besi, ya kuzungusha sauti, ya kusawazisha voliumu. Laptopu nyingi huja na programu ya namna hiyo imewashwa kimyakimya. Umenunua monita ili zikwambie ukweli, halafu kompyuta inapaka poda njiani.

Chagua sampuli 44,100 au 48,000 kwa sekunde, na iwe ileile kwenye programu unayofanyia kazi. Muziki mtupu, 44,100. Sauti ya video, 48,000. Kwenye FL Studio au Cubase chagua draiva ya ASIO, inayopunguza kuchelewa kwa sauti. Intafesi huja na yake; kadi ya ndani inaweza kutumia ASIO4ALL, ambayo ni ya bure. Bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta huijaza kabla ya kuitoa, ikiwa ya sampuli 256 kwenye 44,100 ni kama milisekunde 6, inatosha kupiga kinanda bila kuhisi kuchelewa. Sauti ikikatikakatika ipandishe 512. Na usipitishe monita kwa bluetooth ukitaka kurekodi. Mkono utapiga sasa, sauti itakuja baadaye.

Voliumu ya Windows iweke 100, usiiguse tena. Kwenye intafesi anza na kitufe kikiwa katikati. Kisha pandisha monita mpaka sauti iwe ya kufanyia kazi: mtu aliyekaa pembeni yako aweze kuzungumza nawe kwa kupaza kidogo. Ukiwa na programu ya kupimia sauti kwenye simu, dB 75 hadi 80 pale unapokaa zinafaa chumba kidogo, ingawa simu hukadiria tu. NIOSH, taasisi ya usalama kazini ya Marekani, inaweka mpaka wa dB 85 kwa saa 8, na kila dB 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Ukifika 94 umebakiwa na saa moja. Weka alama ya kalamu kwenye kitufe, ili kila siku uanzie palepale. Sikio husikia besi kidogo sauti ikiwa chini, na anayebadilisha voliumu kila saa hubadilisha na miksi.

Chumbani

Monita mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa, mita moja hivi kila upande. Tuita iwe usawa wa sikio. Matofali mawili na kipande cha godoro juu yake hufanya kazi ya stendi vizuri kabisa. Zisimamishe wima, na zisikae kwenye kona. Kona huongeza besi, nawe utaipunguza kwenye wimbo, kisha wimbo ukipigwa kwenye gari unasikika mwembamba. Zenye tundu la hewa nyuma, kama HS5, zinahitaji nafasi zaidi ukutani kuliko Rokit yenye tundu mbele. Kama chumba hakiruhusu, HS5 ina swichi nyuma ya kupunguza besi kwa dB 2 au 4, tumia.

Chumba cha mita tatu kwa tatu, ambacho ndicho wengi tunacho, kina ugonjwa wa Hz 57 hivi: urefu na upana vyote vinavimbisha besi mahali pamoja. Pazia la kitenge halitibu hilo. Magodoro mawili yaliyosimamishwa kwenye kona za nyuma yanasaidia, na kabati lililojaa nguo pia. Usikae katikati kabisa ya chumba. Mvua ikipiga bati, acha miksi, fanya kazi ya kupanga mafaili.

Intafesi, na umeme wa mvua

Ukishafanya yote hayo na bado unasikia "zzziii" ya mausi, au unataka kurekodi maiki, sasa nunua intafesi. Angalia kwanza matundu yake ya nyuma, kwa kuwa hapo ndipo nyingi hutofautiana: Behringer UM2 hutoa kwa RCA, UMC22 hutoa kwa jeki kubwa, Focusrite Scarlett Solo za matoleo mawili ya kwanza zilikuwa na RCA, toleo la tatu likaja na jeki za balansi. Yenye balansi iunganishe kwa waya mbili za jeki ya mistari miwili pande zote, au jeki kwenda XLR, na hapa sasa mistari miwili ndiyo inayotakiwa. Chomeka kwenye matundu makuu ya nyuma, lile la hedifoni liachie hedifoni, na unaporekodi maiki chumba hichohicho zima monita.

Zamani za majenereta ya dizeli, kabla Kigoma haijaunganishwa na Gridi ya Taifa, wengi walikuwa na stabilaiza chini ya meza. Mimi ningeibakiza. Lakini stabilaiza haizuii radi, na kuanzia Novemba mpaka Aprili radi za Ziwa Tanganyika tunazijua. Wingu likianza kunguruma upande wa ziwa, zima monita, zima kompyuta, chomoa plagi ukutani, chomoa na waya wa intaneti na wa dishi kama vimeshikana na kompyuta. Ikipita, rudisha plagi zote zikiwa zimezimwa, voliumu ya monita chini, kisha washa kompyuta, intafesi, na monita mwisho.